Nimenunua sanduku la kale, kaka anataka kulipiga msasa

Shikamoo Fundi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na leo imenibidi niandike. Mwezi uliopita nilikuwa napitapita kwa muuza vitu vilivyotumika, nikaliona sanduku la mbao limesukumwa chini ya viti vilivyovunjika, juu yake pamewekwa redio mbovu. Sikuwa na haja ya sanduku. Lakini nilipolifungua nikashindwa kuliacha.

Nakueleza lilivyo. Urefu sentimita 40, upana 25, kimo 17. Kwa nje lina wekundu wa kuiva unaoelekea weusi, na pembe zote zimevishwa shaba. Halifunguki kama masanduku mengine. Kifuniko kikilala mbele, sanduku zima linakuwa mteremko mmoja uliovikwa mahameli ya zambarau, imechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Upande wa juu kuna kijitaro kirefu, na pembeni mwake vyumba viwili vya mraba: kimoja kitupu, kingine kina kichupa kizito cha kioo chenye kifuniko cha shaba. Kwenye kitasa kuna taji dogo, herufi VR na neno PATENT. Juu ya kifuniko kuna kibamba cha shaba kilichochorwa herufi tatu, E.A.R. Chini ya sanduku mtu alibandika gazeti la Kiingereza, na mwaka unasomeka: 1911. Pembe moja ya chini imebanduka, na hapo ndipo nilipostaajabu: ule wekundu ni ngozi tu, ndani kuna mbao nyeupe, nyepesi.

Sasa kila mtu ana lake. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni kasha la nahodha Mwarabu. Jirani yangu anasema ni la Kichina, eti shaba za pembeni ndizo ushahidi. Binamu yangu ameniambia VR ni jina la kiwanda. Mwingine anasema gazeti ni la 1911, basi na sanduku ni la 1911, mbona najihangaisha? Na kaka yangu, ambaye ana mkono mzuri wa useremala, amelitazama akasema ni plaiwudi ya zamani iliyofubaa, tulipige msasa, tulipake vanishi, ling'ae. Msasa ameshanunua.

Linanisumbua kwa sababu si langu. Nimelinunua kwa ajili ya baba, anayetimiza miaka 80. Baba hapokei kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Hata kikombe atakipindua aangalie kitako. Nikimwambia ni kasha la nahodha na si kweli, atajua, na hatasema neno. Huko kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa. Je, kuna njia ya kujua sanduku hili limetoka wapi? Na kaka nimwambie nini?

Ni mimi mwanao,
Mwenye Sanduku

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huo msasa. Mwambie kaka yako auweke kabatini, na umwambie kwa heshima, kwa maana hajakosea kwa uzembe. Alichokiona ni tabaka juu ya tabaka, akadhani ni plaiwudi. Mwonyeshe ile pembe iliyobanduka. Plaiwudi ni tabaka kadhaa nyembamba, nyuzi za moja zikikatana na za inayofuata. Hapo kwako ataona ngozi moja tu ya mbao ya thamani, imegandishwa kwa gundi juu ya ubao mzima. Hiyo ni vinia. Mafundi wa zamani walikuwa wakiipasua kwa msumeno, ikawa na unene wa milimita moja au zaidi kidogo. Za baadaye, zilizokatwa kwa kisu cha mashine, ni nyembamba zaidi ya hapo. Kwa vyovyote, mashine ya msasa ikipita hapo mara chache tu, mbao nyeupe itachungulia kifuniko kizima, na hakuna vanishi itakayourudisha ule wekundu.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa kijana niliwahi kuletewa bweta nilisafishe. Nikaligeuza, nikaanza kusugua kitako, kwani nani hutazama kitako? Palikuwa na muhuri wa wino uliofifia. Nilizisoma herufi nne za kwanza huku mkono bado unasugua. Nilipousimamisha mkono, hapakuwa tena na cha kusoma. Yawezekana ilikuwa anwani ya karakana ilikotengenezwa. Mwenye bweta hakuwahi kujua alichopoteza, mimi najua. Tangu hapo sishiki msasa kabla sijamaliza kukisoma kitu.

Na kusoma kwenyewe, mwanangu, kuanzie pale ambapo aliyelitengeneza hakutarajia mtu atazame. Kwa nje fundi alikuwa akimfurahisha mnunuzi, kwa hiyo aliweza kuiga mtindo wa nchi yoyote. Mbao ya kigeni aliinunua kwa ajili ya uso. Lakini kwenye kitako, chini ya vinia na nyuma ya bawaba alitumia mbao aliyoipata kwa urahisi na vifaa alivyokuwa navyo kila siku. Kwa hiyo pembe yako iliyobanduka, ambayo kaka anaiona kuwa kasoro, mimi naiona kuwa dirisha.

Chukua lenzi ya kukuzia na taa, uchungulie pale. Mbao nyeupe iliyo nyepesi, yenye mistari ya rangi ya hudhurungi inayopishana na myeupe kwa upana usiolingana, ni jamii ya msonobari. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa mbao ya kazi za ndani kwa maseremala wa Ulaya ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Fundi wa Guangzhou, mji wa China ambao Wazungu waliuita Canton, angetumia kafuri, mbao ya mti wenye harufu kali. Naye ametengeneza masanduku mengi yenye shaba pembeni kwa ajili ya wageni, kwa hiyo jirani yako hakubahatisha ovyo. Ila kasha la kafuri hujitangaza kwa harufu. Lifunge usiku kucha, asubuhi uingize pua kabla hewa haijaingia. Kafuri hubaki na harufu yake miaka mingi sana, na sehemu isiyopakwa vanishi ndiyo hunukia zaidi.

Kuhusu nahodha Mwarabu, naelewa kwa nini aliyekuuzia alilitaja kasha hilo, kwa sababu jina lenyewe hupandisha hamu ya mnunuzi. Makasha yaliyosafiri na majahazi kati ya bandari za magharibi ya India, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida ni makubwa. Mengi ni ya msaji au mbao nyingine ngumu, si ya vinia. Uso wake hupambwa kwa misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa iliyopangwa kwa nakshi, pamoja na mabamba ya shaba yaliyotobolewa maua, na mara nyingi chini huwa na droo mbili au tatu. Kasha la namna hiyo halina mteremko wala kichupa, na watu wawili hulibeba kwa taabu. Lako unalipakata.

Hilo lako ni sanduku la kuandikia. Mteremko ni meza, mahameli ni ya kulaza karatasi, kijitaro ni cha kalamu, na kichupa ni cha wino. Kile chumba kitupu huenda nacho kilikuwa na kichupa chake. Karne ya 19, kabla kalamu za kujaza wino hazijaenea, mtu aliyetembea kikazi, awe afisa wa jeshi, karani, mfanyabiashara au mmisionari, alilihitaji. Ndiyo maana pembe zilivishwa shaba: ni za kuvumilia kugongwa melini na garini.

Sasa kile kitasa. Mwambie binamu kwamba VR ni Victoria Regina, Kilatini cha "Malkia Victoria". Alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Taji na hizo herufi zilipigwa kwenye vitasa vingi mno, vya mafundi mbalimbali, na neno PATENT lilipigwa hata kwenye vitasa vya kawaida kabisa. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ningependa wasomaji wengine nao wasikie: jina lililo kwenye kitasa ni la kitasa, si la sanduku. Ukikuta Bramah, huyo ni Joseph Bramah aliyepata hataza (ndiyo hiyo PATENT, haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kitasa chake mwaka 1784. Ukikuta Chubb, hataza yao ya kwanza ni ya 1818. Hao walikuwa mafundi vitasa. Mtengeneza masanduku alinunua kitasa kama anavyonunua bawaba.

Kitasa chako kinatupa mambo mawili. Kilitengenezwa Uingereza, na hakikutengenezwa kabla ya 1837. Lakini hakikisha ndicho kilichozaliwa na sanduku. Tazama mahali kilipolala kwenye ubao. Kikiwa kimekaa sawasawa katika shimo lake, bila matundu ya zamani yaliyozibwa na bila kivuli cha kitasa kikubwa au kidogo kuliko hicho, basi ni cha asili.

Kisha njoo kwenye skrubu za bawaba, kwani hizo ndizo hunifurahisha kuliko vyote. Kwanza zitazame kichwani. Kama kuna hata moja ya nyota, jua bawaba ilishikwa na mtu wa juzi, maana skrubu za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930. Kama zote ni za mstari mmoja, tafuta ambayo mstari wake haukupita katikati ya kichwa. Hiyo ni dalili ya kazi ya mkono. Sasa chukua bisibisi bapa inayojaa kwenye mstari, bonyeza kwa uzito, uzungushe taratibu, skrubu moja tu. Ikikataa, iache. Ikitoka, tazama ncha. Skrubu za zamani zilikuwa butu mbele kama zilizokatwa kwa patasi, ikabidi fundi atoboe kwanza. Skrubu zenye ncha kali zilizotengenezwa na mashine zilipata hataza Marekani mwaka 1846, na miaka ya 1850 zikaanza kutengenezwa Birmingham kwa wingi. Kwa hiyo ncha butu pamoja na kitasa cha VR vinakupeleka kwenye miaka ya 1840 au karibu na hapo, na ncha kali inakupeleka mbele zaidi. Ukimaliza, irudishe skrubu kwenye tundu lake lile lile. Usiibadilishe na mpya, hata ile mpya ikiwa inang'aa.

Gazeti la 1911 linasema jambo moja tu: lilibandikwa mwaka huo au baada yake. Pengine kitako kilikuwa kimechubuka, mwenye sanduku akakifunika na karatasi iliyokuwa karibu. Sanduku lenyewe lingeweza kuwa na miaka hamsini siku hiyo. Usilibandue gazeti hilo. Lipige picha, uandike kila neno linalosomeka, hasa matangazo, maana matangazo ya magazeti hutaja mitaa na miji. Gazeti halitakuambia lilikozaliwa sanduku ila laweza kukuambia lilikokuwa likiishi. Hizo ni habari mbili tofauti, na baba yako, kwa jinsi ulivyomweleza, atazitaka zote mbili.

E.A.R. ni herufi za mmiliki. Maduka yaliyauza masanduku haya yakiwa na kibamba kitupu, mnunuzi akaenda kuchorewa jina lake.

Hapa niwageukie kidogo wanaoniandikia kuhusu masanduku mengine. Yenu yakiwa na droo au pembe zisizofunikwa, tazameni kiungo cha mkia wa njiwa, yale meno ya mbao yanayoshikana. Meno yasiyolingana, yenye mstari mwembamba uliochanjwa na kifaa cha kupimia, ni ya msumeno wa mkono. Meno yanayofanana kama yaliyotoka kwenye chapa moja ni ya mashine. Na kuna kiungo kimoja ambacho ni kama kimebeba anwani: badala ya meno, ni nusu duara zilizopangwa kama kucha, kila moja ikiwa na kigingi cha mviringo katikati. Mashine yake ilibuniwa na Mmarekani, Charles Knapp, na ikatumika huko tangu miaka ya 1870 hadi karibu na 1900. Ukiiona, umeshafika Marekani. Mkikuta D.R.G.M., hiyo ni alama ya usajili ya Ujerumani, ilianza 1891. S.G.D.G. ni ya hataza za Ufaransa. Neno "Nippon" lilitumika kwenye bidhaa za Japani zilizokwenda Marekani kabla ya 1921. Na msihukumu kitu kuwa cha kale sana kwa kukosa jina la nchi. Sheria ya Marekani ya 1890 ilidai jina hilo kwa bidhaa zilizoingia Marekani. Sanduku lililouzwa palepale lilipotengenezwa halikuhitaji kujitambulisha.

Nirudi kwako, mwanangu. Ukiviweka pamoja msonobari ndani, vinia nje, kitasa cha Kiingereza na umbo la meza ya safari, yaelekea sanduku lako lilitengenezwa Uingereza katikati ya karne ya 19 au muda mfupi baadaye, na skrubu ndizo zitakazokusogeza mbele au nyuma. London na Birmingham ndiko zilikokuwa karakana nyingi za kazi hiyo. Lakini baba akiuliza "limetoka wapi," usimjibu kwa neno moja. Kwa wekundu unaonieleza, yaelekea vinia hiyo ni mahogani, na mti huo haukui Uingereza. Uliletwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, na kwa miaka mingi wakataji wake walikuwa watumwa. Msonobari wenyewe mwingi ulitoka nchi za Bahari ya Baltiki. Vitasa vilifuliwa hasa Wolverhampton na mji jirani wa Willenhall. Fundi alivikutanisha vyote kwenye meza yake, halafu E.A.R. akalichukua likaanza kutembea. Mpe baba habari hiyo yote, naye ataipanga mwenyewe.

Usafi usizidi huu: brashi laini kavu, kisha kitambaa kilichokamuliwa hadi kikakaribia kukauka. Mafuta usipake. Shaba usiing'arishe kwa dawa, maana dawa huacha unga mweupe kwenye kila ufa na weusi ule wa shaba ni umri wake. Kaka akitaka kazi, na apewe, anayo ya kutosha. Pembe iliyobanduka inahitaji gundi. Anunue gundi ya moto ya maseremala, ile ya ngozi na mifupa, ambayo siku nyingine inaweza kulegezwa kwa maji ya moto, wala asitumie gundi nyeupe ya chupa. Kama anataka kujua vanishi iliyopo, alowanishe ncha ya pamba na spiriti, aguse mahali pasipoonekana. Ikinata na kuacha rangi kwenye pamba, ni shelaki, vanishi ya zamani itokanayo na utomvu wa mdudu wa India. Hiyo mtu hufufua kwa kitambaa na spiriti, taratibu, bila msasa. Kabla ya hayo yote atazame matundu madogo ya wadudu. Matundu matupu hayana neno. Yakitoa unga mpya kila asubuhi, wadudu wako hai, na sanduku lisiingie nyumbani kwa baba kabla halijatibiwa.

Limebaki jambo moja, nimeliweka mwisho makusudi. Pima kwa nje upana wa ile nusu ya sanduku yenye kijitaro cha kalamu, kutoka bawaba hadi ukuta wa nyuma. Kisha fungua ubao wa juu wa mteremko, upime upana wa ule uwazi wa ndani kuelekea upande wa kalamu. Hesabu zisipokutana, yaani ndani kukiwa kufupi kwa vidole vitatu hivi bila sababu, kuna mahali pamefichwa. Masanduku mengi ya namna hii yalikuwa na droo za siri chini ya vyumba vya wino, nyuma ya ubao wa wima unaoonekana kama ukuta tu. Ukuta huo hushikwa na springi. Toa kichupa, shika kigawanyo chembamba cha vyumba vya wino, ukivute juu polepole kwa vidole viwili. Kikikubali, utasikia mlio mdogo na ukuta utaruka mbele kama ukucha mmoja.

Ukiusikia mlio huo, urudishe ukuta mahali pake hapohapo bila kuchungulia. Siku ya baba, mweleze habari zote za msonobari, kitasa na gazeti. Akimaliza kuuliza, mwambie ashike kile kigawanyo avute mwenyewe.